Rangi gani haibanduki kwenye bunduki ya plastiki ya kuchezea? Maswali ninayoulizwa kila Idi inapokaribia

Idi ikikaribia, na Krismasi vilevile, simu yangu haitulii. Mtu kanunua Kariakoo bunduki ya maji au ile ya risasi za sponji, anataka ya mwanawe isifanane na za watoto wengine watakaojazana Mnazi Mmoja hapa Dar. Kapaka mwenyewe, rangi imebabuka, sasa anatafuta fundi. Mimi kazi yangu ni kupaka vitu vya plastiki: midoli, vifaa vya maigizo ya shule, makava ya pikipiki. Hapa nimekusanya maswali yanayojirudia, na majibu ni yaleyale ninayotoa kwenye simu, ila hapa hatukatikiwi na salio.

Nimenunua rangi ya bei kubwa na bado inatoka kama ganda. Nimeuziwa feki?

Huenda, lakini mara nyingi rangi haina kosa. Kosa liko kwenye plastiki iliyo chini yake.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilimpakia mpwa wangu bunduki ya maji, kijani na njano, maana kwao wote ni Yanga. Ilipendeza, nikasifiwa. Siku ya tatu akaniletea: "Anko, inavua nguo." Nikashika ukingo wa rangi kwa ukucha, nikavuta taratibu, likatoka ganda refu kama kiganja, laini kama ngozi ya kitunguu. Nilipoligeuza nikaona yale maandishi madogo ya kiwandani yamejichapa kwa ndani kinyumenyume, herufi kwa herufi. Rangi ilikuwa imelala vizuri hadi kwenye vishimo vya herufi, ila haikuwa imeishika plastiki hata kidogo.

Ile ilikuwa polipropilini. Hiyo na ndugu yake poliethilini zina uso usiopenda kushikwa na kitu chochote, si gundi wala rangi. Dumu la mafuta ya kula ni la familia hiyohiyo. Jaribu kulipaka rangi ya kawaida utaona. Kwa hiyo kabla hujauliza rangi gani, uliza plastiki gani. Nusu ya wanaonipigia hawajawahi kujiuliza hilo.

Nitaijuaje plastiki yenyewe? Bunduki haijaandikwa kitu.

Fungua skrubu uangalie ndani ya ganda, alama nyingi zimejificha huko. Ukikuta pembetatu ya mishale, soma namba: 2 na 4 ni poliethilini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, 3 ni PVC. Namba 7 ni kapu la zilizobaki. Wakati mwingine wameandika herufi tu, kama ABS, aina nyingine ya plastiki ngumu, au PP, yaani polipropilini. Bunduki za Nerf, zile za kampuni ya Hasbro, kwa kawaida ganda lake ni ABS, na ABS inapokea rangi vizuri.

Kama hakuna alama, tumia maji. Kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani, ukitie kwenye glasi ya maji ya bomba yenye tone moja la sabuni. Kikielea, ni polipropilini au poliethilini, kwa sababu hizo ni nyepesi kuliko maji. Kikizama, unazungumzia ABS, polistirini au PVC. Sabuni ni ya lazima, bila hiyo hata kipande kidogo kinachostahili kuzama kinaweza kuning'inia juu ya maji kikakudanganya. Na ni kipande, jamani. Kuna mama alitumbukiza bunduki nzima kwenye ndoo, ikaelea, akanipigia kuniambia ni polipropilini. Iliyoelea ni hewa iliyokuwa ndani.

Jua pia kwamba bunduki moja inaweza kuwa na plastiki tatu. Ganda linaweza kuwa ABS, na kifyatulio au kitasa cha kuvutia kikawa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana unakuta mwili umeshika rangi na kifyatulio kimebaki kipara.

Basi niambie, rangi ipi ninunue?

Kama plastiki ilizama kwenye maji, nunua rangi ya kopo ya kupuliza ya akriliki, na kwenye kopo tafuta maandishi yanayosema inafaa kwa plastiki. Zipo zinazotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, kama Krylon Fusion na zile za Rust-Oleum za plastiki. Zikipatikana ni nzuri, ila hazikai dukani muda wote. Za akriliki za kawaida zinazouzwa kwenye maduka ya spea na rangi za magari zinafanya kazi ukiziwekea msingi mzuri, yaani prayima. Kopo la mililita 400 linatosha bunduki mbili au tatu za saizi ya mkono, kwa hiyo usinunue makopo matano ya rangi moja kwa ajili ya mtoto mmoja.

Kama plastiki ilielea, hakuna kopo litakalokuokoa peke yake. Nenda kwa watu wa bampa. Bampa za magari mengi yanayozunguka mjini hapa ni polipropilini iliyochanganywa na mpira. Angalia nyuma ya bampa lolote la gari la Kijapani, mara nyingi utakuta PP imeandikwa hapo. Na mafundi wa Gerezani na Ilala wanazipaka kila siku na hazibanduki. Siri yao ni prayima ya plastiki, ile isiyo na rangi, nyembamba kama maji, inayopigwa kabla ya kitu kingine chochote. Muulize muuza rangi za magari prayima ya bampa, ataelewa. Inapigwa koti moja jepesi, kisha rangi inafuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, kazi yake inaisha.

Kwa michoro midogo, kama jina la mtoto, mistari au nyota, tumia akriliki ya maji ya kupaka kwa brashi, ile ya wachoraji. Inakwenda juu ya rangi iliyokwisha kupulizwa, kisha inafunikwa na klia, ile ya juu kabisa isiyo na rangi. Ukiipaka moja kwa moja kwenye plastiki itachunika kwa kucha.

Nina rangi ya mafuta iliyobaki nilipopaka geti. Haifai?

Inashika kiasi, lakini inakauka kwa mwendo wa kobe. Kwenye plastiki na kwa unyevu wetu nimeiona ikinata baada ya wiki nzima, mtoto anaishika, alama za vidole zinabaki kama kitambulisho cha NIDA. Waachie mageti.

Na rangi ya ukutani? Rangi ya kucha?

Ya ukutani hapana, itapukutika. Rangi ya kucha inang'aa na inavutia, lakini viyeyusho vyake vinaila ABS na polistirini, uso unalainika na kukwaruzika. Kwa nukta moja au mbili juu ya rangi iliyokwisha kukauka, sawa.

Nisafishe na nini kabla ya kupaka? Fundi mmoja kaniambia thina.

Thina inafaa kwenye chuma. Kwenye ABS na polistirini inayeyusha. Utapitisha kitambaa mara moja, uso utang'aa halafu ukunjamane, na kona kali zitalegea kama mshumaa. Asetoni vilevile.

Mimi nafanya hivi. Naitenganisha bunduki kwanza, na kabla ya kutoa chochote napiga picha kwa simu, kwa sababu spring zina tabia ya kuruka na kusahaulika zilikotoka. Maganda naosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nasugua na mswaki uliochakaa. Huko kiwandani kalibu, lile umbo la kumiminia plastiki, hupakwa kitu cha kuizuia plastiki isinate humo, na mabaki yake ndiyo adui wa kwanza. Adui wa pili ni mikono yetu: mafuta ya nazi, mafuta ya nywele, chipsi. Adui wa tatu, na huyu ndiye mbaya kuliko wote, ni silikoni. Ukinyunyiza kitu cha kung'arishia dashibodi ya gari karibu na kazi yako, rangi itajikusanya pembeni na kuacha vitundu vya mviringo ambavyo mafundi wanaviita macho ya samaki.

Ikikauka, napiga msasa wa maji namba 400, namalizia na 600. Lengo si kula plastiki, ni kuondoa mng'ao tu. Ukiigeuza kwenye mwanga ukaona bado panang'aa mahali, hapo ndipo rangi itakapoanzia kutoka. Maandishi yaliyochongwa na mistari ya urembo nayaingia kwa kipande cha msasa kilichokunjwa. Mwisho nafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, naacha ikauke, na kuanzia hapo sishiki tena kwa mkono mtupu.

Kazi hii ya maandalizi inachukua saa mbili. Kupuliza kunachukua dakika kumi. Wateja wanadhani wanalipia zile dakika kumi.

Prayima ni lazima hata kwa ABS?

Si lazima kama kopo lako limeandikwa ni la plastiki. Mimi naiweka hivyohivyo, ile ya kawaida yenye rangi, si ile ya bampa. Inakuonyesha mikwaruzo uliyoisahau, na kama plastiki ilikuwa nyeusi na unataka njano, bila prayima nyeupe utamaliza makopo mawili na bado itaonekana kama ndizi iliyooza.

Kwa nini rangi yangu imepauka, ina ukungu mweupe?

Ulipaka siku ya mvua. Kiyeyusho kinapopaa kinapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa ndani. Dar tuna masika Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba, na hata nje ya misimu hiyo hewa yetu ni ya kukamua. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilipuliza nyeusi saa kumi jioni, wingu likiwa limeshakaa juu ya Temeke; nikageuka kuchukua kopo la pili, niliporudi nyeusi yangu ilikuwa kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Nilisubiri siku kavu nikapita juu yake na koti jepesi sana, ikarudi. Isiporudi, ni msasa tena.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Saa nzuri ni kati ya saa nne na saa sita mchana: umande umeshaondoka, upepo wa kusi bado haujaanza kubeba vumbi la barabara. Usipulizie kwenye jua la moja kwa moja. Rangi inakauka ikiwa hewani, inatua kama unga, unapata uso wa kukwaruza kama msasa.

Nipulize vipi isichuruzike?

Sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye kitu. Anza kupuliza kabla hujafika kwenye bunduki, malizia ukishaipita. Koti la kwanza liwe la kunyunyizia tu, plastiki ionekane bado. Hilo ndilo linaloshikilia mengine. Subiri kama dakika kumi, piga la pili, kisha la tatu. Tamaa ya kufunika yote kwa mara moja ndiyo inayoleta machozi ya rangi, na kwenye polistirini kiyeyusho kingi kwa mkupuo kinapasua uso kwa vinyufa vidogo kama utando wa buibui.

Soma kopo kuhusu muda wa kurudia. Baadhi zinakutaka urudie ndani ya saa moja au usubiri siku mbili. Ukiingia katikati ya hapo, koti jipya linalainisha la zamani na vyote vinakunjamana.

Ikishakauka mtoto anaweza kuichukua?

Kukauka si kuiva. Baada ya saa moja hainati, lakini ndani bado ni mbichi. Nampa mteja kazi baada ya siku 7, na wengi wananikasirikia kwa hilo, hasa wanaokuja siku mbili kabla ya Idi. Anayetaka harakaharaka simzuii kwenda kwingine.

Una wasiwasi? Jaribu kwenye kipande cha ndani ulichokipaka pamoja na vingine. Chora kwa wembe mistari sita hivi, kisha mingine sita ya kuikata, upate vyumba vidogo kama vya bao. Bandika tepu, bonyeza, ivute kwa mpigo mmoja. Vyumba vikibaki, umeshinda. Vikitoka na tepu, bora umejua leo.

Klia ni ya nini, na ipi?

Klia ndiyo inayochakaa badala ya rangi. Ya kopo ya akriliki inatosha kwa mtoto anayecheza ndani. Kwa yule anayeiburuza kwenye zege, klia ngumu kuliko zote ni ile ya magari ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuikaza. Hiyo usiipulize nyumbani. Hadina yake ina kemikali iitwayo isosayaneti, inayoweza kukuanzishia pumu, na barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii. Peleka vipande kwa fundi mwenye chumba cha kupulizia na kinyago cha kufaa, atavipitia pamoja na bampa la mtu. Ya kung'aa inaonyesha kila mkwaruzo. Mimi napenda ya mati, isiyong'aa.

Sehemu gani nisipake?

Popote panaposuguana. Reli za kuvutia, ndani ya silinda ya hewa, mpira wa kuzuia hewa, njia ya risasi za sponji, pande za kifyatulio. Unene wa makoti matatu unatosha kukwamisha kitu kilichokuwa kinateleza, na kisipokwama kitajikwangua chenyewe. Ziba kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka magari, na tepu hiyo uitoe wakati rangi bado haijakauka kabisa, usije ukavuta na ukingo. Ulainishaji wa ndani unafanyika mwishoni, baada ya rangi kuiva. Grisi ya baiskeli na mafuta ya kupikia viache.

Bunduki ya maji: tanki kwa ndani na mdomo wa kutolea maji havipakwi kabisa. Watoto wanapigana maji midomoni, sote tunajua.

Rangi hizi ni salama kwa mtoto?

Ikishaiva, akriliki nzuri haina neno kwa mtoto anayeshika na kucheza. Kwa anayetia kila kitu mdomoni, chini ya miaka mitatu, usipake chochote. Mwachie kama kilivyotoka dukani.

Hofu yangu ni risasi ya madini, ile inayotiwa kwenye baadhi ya rangi ili ziwe za njano au nyekundu kali na zikauke upesi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marekani tangu 2009 hairuhusu ipite sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi ya vitu vya watoto. Kwa hiyo rangi iliyopimwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, hata kama muuzaji ni rafiki yako, mimi siigusi kwa kazi ya mtoto. Nunua kopo lenye lebo inayotamka kuwa haina risasi, na angalia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Wakati wa kupuliza, watoto wasiwepo, jiko la mkaa lisiwepo, sigara isiwepo. Gesi ya kwenye kopo inalipuka. Kopo lisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani. Limeandikwa lenyewe lisizidi digrii 50.

Nataka iwe nyeusi kabisa, kama ya kweli. Unaweza?

Naweza, na sifanyi. Wateja wa video za muziki wananisumbua sana kwa hili na jibu ni lilelile.

Ile ncha ya rangi ya machungwa kwenye mdomo wa bunduki ya kuchezea ina sababu zake. Marekani walipitisha sheria mwaka 1988 kwamba bunduki ya kuchezea inayofanana na ya kweli lazima iwe na alama hiyo, au iwe ya rangi kali mwili mzima, au iwe ya kupitisha mwanga. Mwaka 2014 mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 alipigwa risasi na polisi akiwa na bunduki ya kuchezea isiyokuwa na ncha hiyo, akafa. Hapa kwetu, usiku, kwenye kona ya Tandika yenye giza, askari au mlinzi wa duka au hata kijana wa bodaboda hatasogea karibu akague ni plastiki ya aina gani.

Kwa hiyo ncha inabaki, na nikiipitia naipitia kwa rangi ileile. Rangi hizo kali za kumeremeta zinachujuka upesi juani kuliko rangi nyingine, basi kila mwaka inahitaji koti jipya. Mwili nipe njano, zambarau, waridi, kijani cha ndimu; chora chui, chora daladala yenye maandishi ubavuni. Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni ya binti wa Kigamboni aliyetaka ya kwake iwe kama khanga, na msemo chini. Tulibishana msemo kwa siku tatu.

Nimeshaharibu. Naitoaje rangi ya zamani?

Kama ni polipropilini, shukuru: tafuta ukingo uvute, itatoka kama kwa mpwa wangu. Kwa ABS loweka kwenye spiriti kwa nusu saa, ukijaribu kwanza kipande cha ndani, kisha sugua na mswaki. Usitumie dawa ya kutoa rangi kwenye chuma, itatoa rangi pamoja na bunduki. Kitakachobaki ni cha msasa namba 400, taratibu, ukiwa na redio pembeni.